Kumtafutia mzazi nyumba ya wazee Marekani: maswali ambayo familia zetu huuliza

Mimi ni mhudumu wa wazee katika jimbo la Washington, kusini kidogo ya Seattle, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Sisi wa Afrika Mashariki tumejaa kwenye kazi hii. Washington, Minnesota, Massachusetts, Texas, mara nyingi ukiingia nyumba ya wazee utasikia Kiswahili jikoni. Tumewaogesha na kuwalisha wazazi wa wenzetu kwa miaka. Sasa wazazi wetu wenyewe, tuliowaleta au waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo, wamefika umri huo, na familia zinaniuliza yaleyale kanisani, msikitini, na kwenye simu usiku wa manane. Sheria ninazozitaja hapa ni za Marekani. Kila jimbo lina zake juu ya zile za taifa, kwa hiyo habari za leseni na malipo zithibitishe kwenye jimbo lako.

Kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee si ndiyo kumtupa?

Hili ndilo swali la kwanza, hata kwa yule anayeanza kwa kuuliza bei. Jibu langu ni hapana, wala sisiti, kwa sababu naijua hali ambayo wengi wanaogopa kuitaja. Mtoto anapiga zamu mbili, mkwe naye yuko kazini, wajukuu wako shule. Mama yuko peke yake tangu alfajiri hadi usiku, mlango umefungwa, televisheni inasema Kiingereza, chakula kimo ndani ya maikrowevu ambayo hakumbuki inawashwaje. Jirani hajui hata jina lake. Kule nyumbani mzee hakai peke yake kwa sababu uani kuna watu. Hapa ua hakuna. Mzee kulala nyumba moja na mwanawe hakumaanishi kwamba anatunzwa.

Kumtupa kupo, lakini ni kitu kingine. Ni kumpeleka, kulipa, halafu kuonekana Krismasi na Idi tu. Wahudumu tunawajua wazee wa namna hiyo: ukimpigia simu mtoto kumwambia baba hajala tangu jana, hapokei.

Kabla ya kuamua, ongeeni na mwenyewe. Msimdanganye kwamba anakwenda hospitali kwa wiki mbili. Mzee aliyedanganywa hukaa karibu na mlango amevaa koti lake, akisubiri gari la kumrudisha, na hakuna mhudumu anayeweza kumtoa pale kwa maneno.

Tutajuaje kwamba wakati umefika?

Wauguzi hapa hupima mambo sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kujiinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kuzuia haja. Bima nyingi za huduma ya muda mrefu huanza kulipa mzee akishindwa mawili kati ya hayo, na mimi naona ni kipimo kizuri hata kwa asiye na bima. Mawili kila siku ni kazi ya mtu mzima asiye na kazi nyingine.

Kabla hajafika hapo, angalia vitu vidogo. Vidonge vya presha vimebaki kwenye kisanduku tangu Jumatatu. Ana alama za kuvilia damu mkononi asizoweza kuzieleza. Sufuria zimeungua chini. Amevaa gauni lilelile. Na mwangalie pia dada yenu anayemtunza, maana katika kila familia yupo mmoja ambaye wengine wamemwachia. Akianza kuumwa mgongo na kulia bila sababu, wakati umefika hata kama mama bado anatembea.

Kuna aina ngapi za nyumba hizi?

Kwa familia zetu, tatu ndizo zenye maana.

Ya kwanza ni makazi makubwa yenye vyumba au fleti, ukumbi wa chakula na ratiba ya michezo. Ndiyo yanayoitwa Assisted Living. Mzee ana mlango wake na ufunguo wake, na wahudumu humjia kwa saa maalumu: dawa, kuoga, kuvaa. Baadhi yana upande unaofungwa kwa ajili ya wenye ugonjwa wa kusahau.

Ya pili ni nyumba ya kawaida mtaani, yenye leseni ya kutunza wazee wachache. Washington tunaiita Adult Family Home, na huruhusiwa wazee 6, au hadi 8 kwa kibali maalumu. Majimbo mengine yana majina yake. Kwa mzee aliyezoea jiko linalosikika na watu wanaopitapita, hii mara nyingi humfaa kuliko jengo lenye lifti.

Ya tatu ni nasingi homu, kwa anayehitaji muuguzi saa zote.

Serikali si ndiyo inayolipa?

Hapa ndipo familia nyingi huumia, kwa hiyo someni polepole.

Medicare, bima ya waliofikisha miaka 65, hailipi kodi wala huduma ya kila siku ya Assisted Living. Hailipi. Inacholipa ni nasingi homu kwa muda, mtu akitoka hospitali na akiwa anahitaji uuguzi au mazoezi ya viungo: siku 20 za kwanza zote, kisha siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia kila siku, na baada ya hapo basi. Tena ni lazima awe amelazwa rasmi siku tatu mfululizo. Mtu anaweza kulala hospitali usiku mbili tatu na bado karatasi zikaandikwa kwamba yuko kwenye uangalizi tu, hajalazwa, na siku hizo zisihesabiwe. Mzazi akiwa wodini, muulizeni nesi siku ileile: amelazwa, au yuko kwenye uangalizi?

Medicaid, ya wenye kipato kidogo, hulipa nasingi homu. Kwa Assisted Living na nyumba ndogo, majimbo mengi hulipia huduma kupitia mipango maalumu, lakini kodi na chakula hubaki kwa mzee mwenyewe, kutoka kwenye pensheni au posho yake. Mipango mingine ina foleni. Na si kila nyumba inapokea Medicaid. Nyingine hutaka ulipe mwenyewe mwaka mmoja au miwili kwanza. Swali hili liulizeni siku ya kwanza na mpate jibu kwa maandishi: pesa zake zikiisha, atabaki hapa au mtamtoa?

Kuna jambo linalotugusa sisi hasa. Mtu akiomba Medicaid ya huduma ya muda mrefu, karibu kila jimbo hukagua miaka mitano iliyopita kuona alichokitoa bure. Baba aliyeuza gari na kumtumia mdogo wake pesa ya kumalizia nyumba Kisii, au aliyeandikisha fleti kwa jina la mjukuu, anaweza kucheleweshewa malipo kwa sababu hiyo. Shamba na nyumba zilizoko Kenya, Tanzania au Kongo nazo ni mali, na fomu inauliza mali zote. Usiandike uongo. Mtafuteni mwanasheria wa mambo ya wazee mapema, kabla hamjahamisha chochote.

Mama ana grini kadi tu. Atapata?

Kwa kawaida, tangu sheria ya mwaka 1996, mwenye grini kadi husubiri miaka mitano kabla ya kupata Medicaid ya serikali kuu, ingawa baadhi ya majimbo hutumia fedha zake kuwasaidia mapema. Na kama wewe mwanawe ndiye uliyemdhamini, ulisaini fomu ya kubeba gharama zake. Kipato chako kinaweza kuhesabiwa kama chake mpaka awe raia au atimize robo-mwaka 40 za kazi, yaani miaka kumi hivi. Wengi waliisaini kama karatasi ya kawaida tu.

Kwa Medicare, asiyekuwa na miaka hiyo kumi ya kazi, yake au ya mwenzi wake, anaweza kuinunua akifika 65 na akiwa ameishi hapa miaka mitano mfululizo na grini kadi. Bei yake si ndogo.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi walikuwa hawasubiri miaka mitano. Lakini sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imebana haki zao kwenye Medicaid kuanzia Oktoba 1, 2026. Grini kadi ndiyo itakayowabakishia haki hiyo, na mkimbizi anaruhusiwa kuiomba akishakaa mwaka mmoja. Kama mzee wenu wa kutoka Bukavu au Uvira ana miaka mitatu hapa na karatasi bado ziko droo ya kabati, zitoeni leo.

Gharama ni kiasi gani?

Utafiti wa bei wa taifa wa mwaka 2024 uliweka bei ya katikati ya Assisted Living kuwa dola 5,900 kwa mwezi, na chumba cha peke yako nasingi homu zaidi ya dola 10,600. Mjini bei hupanda.

Bei ya kwenye kipeperushi ni ya chumba. Juu yake kuna ada ya kuingia ya mara moja, ada ya kupewa dawa, na ngazi za huduma: mzee akianza kuhitaji kushikwa bafuni, anapandishwa ngazi na bili inapanda. Omba orodha nzima ya ada kwa maandishi, na uliza walipandisha kiasi gani mwaka jana na juzi.

Tukienda kuangalia nyumba, tuangalie nini?

Angalieni watu. Piano ya ukumbini na maua ya mezani yamewekwa kwa ajili yenu, watoto mnaolipa. Mzee ataishi na mikono ya mhudumu.

Nendeni kwa miadi mara ya kwanza, ni adabu. Mara ya pili nendeni bila taarifa, Jumamosi saa kumi na mbili jioni, meneja akiwa nyumbani kwake. Saa hiyo ndiyo wazee wanapelekwa kitandani, wenye ugonjwa wa kusahau wanaanza kuhangaika, na wahudumu ni wachache. Kaeni kwenye kochi dakika arobaini. Kengele ikilia, tazameni saa: inachukua muda gani mtu kwenda? Mhudumu anapomlisha mzee, amekaa chini wakaangaliana, au amesimama na kijiko huku anaongea na mwenzake? Glasi ya maji iko mahali mkono wa mzee unapofika, au iko upande wa pili wa meza? Kucha zimekatwa? Miwani aliyovaa ni yake? Harufu ya mkojo mara moja ni ajali. Ikiwa imo kwenye zulia, ni desturi ya nyumba.

Kisha mzungumzeni na mhudumu mwenyewe, si mtu wa mauzo. Muulize amekaa hapo muda gani. Nyumba ambayo kila mtu ana miezi miwili ina tatizo, hata kama haisemi.

Sasa usiku, maana usiku naujua. Hakuna sheria ya taifa inayosema Assisted Living iwe na wahudumu wangapi kwa wazee wangapi. Kwa hiyo uliza: saa nane usiku kuna watu wangapi, wazee wangapi, na hao watu wako macho au wamelala? Katika nyumba ndogo mhudumu anaweza kuwa amelala chumba cha nyuma. Kwa mzee anayelala mpaka asubuhi haina neno. Kwa baba anayeamka mara tatu kwenda chooni, ndipo nyonga inapovunjika. Uliza pia nani hutoa dawa usiku, na mzee anayehitaji watu wawili kumwinua huinuliwaje mhudumu akiwa mmoja.

Mwisho, someni ripoti za ukaguzi. Tovuti ya Medicare yenye nyota ni ya nasingi homu. Assisted Living hazimo humo. Hizi ziko chini ya jimbo, na majimbo mengi huweka ripoti kwenye tovuti ya idara inayotoa leseni. Kosa moja la karatasi si kitu. Kosa lilelile kujirudia ukaguzi baada ya ukaguzi, hasa la dawa au la wahudumu kuwa wachache, ni sababu ya kuondoka.

Mzee anaongea Kiswahili tu, au Kiingereza kinaanza kumtoka. Itakuwaje?

Ni swali ninaloliona zito kuliko familia nyingi zinavyoliona. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi hupora kwanza kilichojifunzwa ukubwani. Mtu aliyefanya kazi hapa miaka ishirini kwa Kiingereza anaweza kuamka asubuhi moja amebaki na lugha ya mama yake.

Nilishika zamu mahali fulani ambako bibi mmoja wa pwani alikuwa ameandikwa kwenye daftari, usiku baada ya usiku, kwamba anahangaika na kupiga kelele kuanzia saa kumi alfajiri. Ilikuwa imeanza kuzungumzwa dawa ya kumtuliza. Usiku wangu wa kwanza nikaenda chumbani kwake nikamwamkia shikamoo. Akashika mkono wangu akaniambia kwa upole kabisa kwamba anataka maji atie udhu, alfajiri inampita, na watu hawa hawamsikii. Nikaleta beseni. Hakukuwa na kelele nyingine asubuhi ile.

Kwa hiyo uliza: kuna mhudumu anayejua Kiswahili, na yuko zamu gani? Kama hayupo, tengenezeni karatasi kubwa ya ukutani yenye maneno ishirini anayoyatumia sana, na mbele ya kila neno namna ya kulitamka na maana yake: maji, choo, panauma, baridi, nigeuze, nataka kuswali, mwite mwanangu. Andikeni pia jina analopenda kuitwa. Mama aliyeitwa Mama Asha maisha yake yote huenda asiitike akiitwa kwa jina la kwenye pasipoti. Na daktari anapozungumza na mzee hospitalini, ombeni mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bure. Mjukuu wa miaka kumi asitafsiri habari za kibofu cha babu yake.

Chakula na ibada?

Ulizeni wazi, msione haya. Wanaweza kupika uji na ugali, au kupasha mnacholeta? Nyama ya halali itawekwa wapi? Nani atamwelekeza kibla, au kumwashia redio ya misa? Kama ana kisukari na anataka kufunga Ramadhani, daktari na nyumba wakae naye kabla mwezi haujaandama, maana saa za dawa zitabadilika. Anayetaka kuogeshwa na mwanamke mwenzake aandikiwe hivyo kwenye mpango wake wa huduma. Lililosemwa kwa mdomo halifiki kwa mhudumu wa zamu ya usiku, liandikwe.

Kuna nyumba ya Mkenya mwenzetu karibu. Si bora huko?

Inaweza kuwa bora sana. Chai ya maziwa, nyimbo, mtu wa kumwambia "pole mama" akikohoa. Lakini undugu si leseni. Mkague kama mngemkagua mgeni: leseni, ripoti, usiku kuna nani, mkataba. Tena yeye zaidi, kwa sababu mambo yakiharibika mtaona aibu kulalamika, mtaogopa maneno ya watu, na mzee ndiye atakayeumia wakati ninyi mnalinda heshima. Pesa ziandikwe hata kama mmesali pamoja.

Mshauri wa kututafutia nyumba bila malipo, tumwamini?

Hulipwa na nyumba mnayoichagua. Wengine ni wazuri na wanajua mji. Lakini hatawaonyesha nyumba isiyo na mkataba naye, na nyumba nyingi ndogo nzuri hazina.

Mkataba tusaini vipi?

Kwanza mzazi awe ameshaandika hati ya uwakili ya mali na ya matibabu wakati akili bado ni timamu. Akishapoteza ufahamu, njia inayobaki ni mahakama, na ni ndefu na ya ghali.

Pili, saini kama wakala wa mzazi, na uandike hivyo pembeni ya jina lako. Usisaini kama mdhamini wa deni. Nasingi homu zinazopokea Medicare au Medicaid haziruhusiwi kisheria kukulazimisha udhamini kwa pesa yako; kwa Assisted Living ulinzi huo wa taifa haupo. Baadhi ya majimbo yana sheria za kuwadai watoto gharama za wazazi: mwaka 2012 mahakama moja ya Pennsylvania ilikubali mtoto adaiwe dola karibu 93,000 za nasingi homu, wakati mama mwenyewe ameshahamia Ugiriki.

Tatu, someni sehemu ya kufukuzwa: kwa sababu zipi, na kwa notisi ya siku ngapi. Kipengele kinachokunyima haki ya kwenda mahakamani mara nyingi kinaweza kukataliwa. Ombeni kukifuta.

Je, tunaweza kumbakiza nyumbani?

Mara nyingine, ndiyo. Katika majimbo mengi Medicaid humlipa mtoto mzima anayemtunza mzazi. Washington na California zinafanya hivyo. Kuna pia vituo vya kutwa, mzee anachukuliwa asubuhi na kurudishwa jioni. Na kuna PACE, mpango wa wenye miaka 55 na zaidi ambao hali yao ingewafikisha nasingi homu: gari, kituo, daktari, dawa na mhudumu wa nyumbani, vyote kwa mkono mmoja. Ulitokana na On Lok, kituo kilichoanzishwa San Francisco mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wahamiaji, Wachina wengi wao, ambao hawakutaka kuwapeleka wazee wao nasingi homu. Walikuwa na swali letu hilihili. Mpango huu haupo kila mahali. Tafuta kama upo kwenye kaunti yako.

Au tumrudishe nyumbani Afrika?

Kama mwenyewe anataka na kuna mtu wa kweli wa kumtunza, ni jibu la heshima. Jueni tu kwamba Medicare hailipi matibabu ya Nairobi wala Dar es Salaam, posho ya SSI, ile ya serikali kuu kwa wazee wenye kipato kidogo, husimama akikaa nje siku 30, na mwenye grini kadi akikaa nje mwaka mzima bila kibali anaweza kuipoteza.

Tukiona anatendewa vibaya?

Semeni na meneja, kwa maandishi, na mweke nakala. Kama hakuna mabadiliko, kila jimbo lina ombudsmani wa huduma za muda mrefu: ni bure, na kazi yake ni kumtetea mkazi, si nyumba. Namba ya kitaifa ya 1-800-677-1116 itawaelekeza kwa wa eneo lenu, na wana wakalimani. Hatari ya papo hapo ni 911. Msiogope kwamba mzee atalipiziwa; sheria inakataza, na katika uzoefu wangu mzee mwenye watoto wanaouliza ndiye anayeangaliwa mara nyingi zaidi.

Tutembelee mara ngapi?

Mara moja kwa wiki ikiwezekana, kwa zamu, na kila mtu saa tofauti. Siku za kwanza atalia na kuomba aondoke. Msikate mguu kwa kuogopa machozi hayo. Njooni na kazi: mpake mafuta miguu na utazame visigino na kiuno, vidonda vya kulala muda mrefu huanzia huko. Asiyeweza kufika, apige simu ya video wakati wa chai.

Tukigundua nyumba haimfai?

Mhamisheni. Kuhama kunamchosha mzee, hasa mwenye ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo usihame kwa sababu ya supu baridi. Lakini ameanguka mara tatu na hakuna aliyebadilisha kitu, au amepungua uzito na hawajui kwa nini: hiyo inatosha. Toeni notisi kama mkataba unavyosema, mara nyingi siku 30, ombeni nakala ya orodha ya dawa na mpango wa huduma, na siku ya kuhama mmoja wenu alale naye usiku wa kwanza kama nyumba mpya inaruhusu. Blanketi lake, msala au rozari yake, na ile karatasi ya maneno viwe vimeshawekwa chumbani kabla hajaingia.